Kijiwe cha Siwema

"Kijiwe cha wali hakimezwi." Mmemsikia mama wa bibi harusi akimwusia binti yake, mkacheka, na sasa mnaniuliza neno hilo limetoka wapi. Sogeeni basi. Mwanzo wake niliuona mimi shangazi yenu, mkono wangu ukiwa siniani.

Tulikuwa Waswahili wanne katika chuo kimoja cha ughaibuni, nchi ya baridi, na kila Jumapili tulikula pamoja. Mdogo wetu alikuwa Siwema, binti wa Kilwa. Alifika mcheshi, lakini muhula wa pili akawa kimya: halali, haendi darasani, na sanduku amelifunga arudi nyumbani. Tukimuuliza anajibu, "Si kitu. Mambo madogo tu."

Jumapili moja alipika Msellem, ambaye kuchambua mchele kwake ni kuutazama tu. Siwema akauma kijiwe, sote tukasikia jino lilivyolia. Naye, kwa adabu ya kutomwaibisha mpishi, akakimeza.

"Umekimeza?" Msellem akauliza.

"Kidogo tu, kaka."

"Dada wee! Nisichambue mimi, tumbo liumie lako? Na huko darasani umemeza vingapi?"

Siwema akaangua kilio. Kisha yakamtoka yote: wanaomshika nywele bila ruhusa, wanaoshangaa kwamba anajua kusoma, mwalimu aliyemkabidhi vikombe vichafu akidhani ni mhudumu.

"Mwalimu huyo huyo," Msellem akasema, "mwaka mzima ananiita Shomari!"

Shomari mwenyewe, mwenzetu wa nne, alikuwa pale, mfupi, mwenye upara wa mapema. Msellem alikuwa mrefu wa kuinama kila mlangoni. Tukacheka mpaka wali ukapoa, na Siwema akacheka kutushinda, machozi bado mashavuni.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili mtu alitema kwanza kijiwe chake cha wiki, dharau iliyomkuta. Asiyetema hapati nyama. Shomari akampeleka Siwema kwa mshauri wa wanafunzi, usingizi ukarudi, sanduku likafunguliwa. Mwalimu alipomsogezea tena vikombe, alimjibu kwa upole, "Mimi ni Siwema, mwanafunzi wako. Na nina swali." Mwalimu akaona haya, akavibeba mwenyewe.

Na yule mpishi mbovu? Ndiye baba wa bibi harusi! Siwema aliikubali posa kwa sharti moja, kwamba Msellem asiguse mchele. Leo binti yao anaondoka kwenda ugenini na mumewe, na mama yake hakuwa na wasia mwingine wa kumpa: mwanangu, hata kiwe kidogo, kijiwe cha wali hakimezwi.