Jiko la Udongo Liitweje?

Sogeeni niwasimulie ya kijiji chetu cha Usangi, milimani Upare, enzi ambazo mama zetu walifuata kuni mbali hadi migongo ikapinda. Palikuwa na wanawake watatu. Nakijwa alikuwa mfinyanzi. Hafsa alikuwa na subira kuliko mtu yeyote niliyemjua. Eliaichi, mwalimu wa hesabu, aliona katika namba yale ambayo wengine hatukuyaona.

Nakijwa alifinyanga jiko lenye mdomo mdogo. Akasema linakula kuni chache kuliko mafiga. Akapewa nyumba kumi za kulijaribu.

"Subiri kwanza, dada," Hafsa alimwambia. "Tujue sasa hivi wanachoma kiasi gani." Wiki nzima alizunguka nyumba zile na mizani ya kahawa, akipima kuni mzigo kwa mzigo, mvua ikimnyeshea, watu wakimcheka. Majiko yalipojengwa, akapima wiki nyingine. Kila nyumba aliiandika kwa jina la mwenyewe.

Mwenyekiti wa kijiji akalisoma daftari, akatikisa kichwa. "Kabla ya jiko, kila nyumba kilo kumi hadi sitini kwa wiki. Baada ya jiko, kilo nane hadi sitini na mbili. Mbona ni yale yale? Rudini kwenye mafiga." Nakijwa akainama, machozi yakimlengalenga.

Ndipo Eliaichi akasimama. "Mwenyekiti, mjane anayeishi peke yake unamchanganyaje na nyumba ya watu kumi na wawili? Linganisha kila nyumba na yenyewe." Akatoa hesabu nyumba moja moja. Tisa zilikuwa zimepunguza kuni. Moja tu ilizidisha, nayo ilikuwa na wageni wa msiba. "Kama jiko lisingesaidia kitu, nyingine zingepanda, nyingine zingeshuka, kama sarafu inavyoanguka. Sarafu kuangukia upande mmoja mara tisa katika kumi? Hutokea, ila kwa nadra sana."

Kijiji kizima kikajenga. Mama yangu akaanza kushinda nyumbani, akitusuka nywele huku akiimba. Hadi leo nikikumbuka harufu ya ule udongo ukipata moto, moyo wangu hulainika.

Siku ya sherehe, mwenyekiti akataka jiko lipewe jina la mmoja wao.

"Mikono ni ya Nakijwa," wakasema wafinyanzi.

"Bila vipimo vya kwanza mngelinganisha na nini?" akauliza mume wa Hafsa.

"Na bila mwalimu mngeshalivunja," wakasema wanafunzi.

Wenyewe watatu walitazamana tu, wakacheka. Sasa wote wametangulia, na ubishi haujaisha.

Haya, wewe uliyenisikiliza: ungekuwa mwenyekiti siku ile, ungelitaja jina la nani?