Karatasi ya Avelina Kwenye Kompyuta ya Chama

Jumanne ya tarehe kumi na moja Machi, mwaka 2025, saa nne asubuhi, ndipo mambo yote yalipoharibika. Siku hiyo, nyuma ya ofisi ya chama cha wakulima pale Katandala, mjini Sumbawanga, karatasi za wanachama zilimwagiwa mafuta ya taa zikachomwa moto. Katibu wa chama, Bwana Benjamini, alisimama kando ameshika kiuno kama mtu aliyeua simba.

"Karatasi ni mambo ya kizamani," alisema. "Sasa kila kitu kimo ndani ya kompyuta."

Watu wakapiga makofi. Kupiga makofi hakuna kazi.

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Maana yake haihitaji mwalimu wa chuo. Mtu anayeshinda akipima majembe, hili zito, lile jepesi, la tatu mpini umepinda, huyo halimi. Anatafuta sababu ya kutolima, na jua likizama atasema siku ilikuwa fupi. Asiyeamini na asikilize yaliyompata Kalisti wa Pito.

Kalisti alikuwa mkulima wa mahindi na ulezi, aliyeishia darasa la nne. Mkewe, Avelina, alifariki mwaka uliotangulia, akazikwa ukingoni mwa shamba la ekari tatu ambalo alilinunua yeye mwenyewe kwa mzee Basil mwaka 2009, mzee ambaye sasa naye ni marehemu. Mkataba wa kununua ulipigwa taipu mjini, ukatiwa dole gumba la muuzaji na saini ya Avelina, zikatoka nakala mbili. Nakala ya nyumbani ililiwa na mchwa. Kule Pito mchwa hawaulizi karatasi ni ya nani, ndiyo maana watu walikuwa na desturi ya kupeleka karatasi zao za maana zitunzwe kwenye kabati la chuma la chama. Humo ndimo ilimokaa nakala ya pili ya Avelina. Kabati lile lilikuwa na kufuli na daftari. Halikuwa na kamati.

Mwezi wa nne, Timoth, mwana wa marehemu Basil, alirudi kutoka Laela alikokuwa akifanya biashara ya mahindi. Akadai shamba ni la baba yake, na kwamba Avelina aliazimwa tu. Shauri likafika kwenye baraza la ardhi, likapangwa kusikilizwa Ijumaa ya tarehe kumi na sita Mei.

"Njoo na mkataba," Kalisti aliambiwa. "Usipokuwa nao, ni neno lako dhidi ya neno lake."

Mashahidi wote wawili wa mkataba ule walikuwa wamekwisha kufa. Ikabaki karatasi peke yake. Kalisti akapanda bodaboda hadi Katandala, moyo umetulia, kwani si ilisemwa kila kitu kimo ndani ya kompyuta?

"Shikamoo, baba," alisema Hasna, karani wa chama.

"Marahaba. Nataka karatasi ya mke wangu."

Hasna akakigeuza kioo cha kompyuta kwa aibu. Palikuwa na namba tupu, zimeshuka kama siafu. "Ni karatasi elfu thelathini na moja, baba. Wakati wa kuzipiga picha kila moja ilijipa namba. Hakuna aliyeandika jina la mtu."

"Si uiulize hiyo mashine? Iambie itafute Avelina."

"Sehemu ya kutafuta inaangalia jina la faili tu, haiangalii ndani. Ni kama magunia yaliyoshonwa midomo. Unaona magunia, lakini huoni lipi lina ulezi na lipi lina mahindi."

"Na waliochoma karatasi walilijua hilo?"

Hasna alitazama mlango wa katibu, akashusha sauti. "Niliwaambia kabla hawajachoma."

Kisha akamweleza. Kompyuta zile zilikuwa kuukuu, zikawekwa Linux, mfumo usiolipiwa, ambao kwa bahati nzuri una programu nyingi za kutafutia, nazo hazilipiwi. Ilikuwapo FSearch, yenye kasi ya umeme, lakini nayo husoma majina ya nje tu. Ilikuwapo Baloo, inayokuja na baadhi ya hizo Linux. Na ilikuwapo Recoll, inayofungua kila faili, ikasoma maneno ya ndani na kutengeneza faharasa, yaani orodha ya kila neno na mahali lilipo.

"Mimi ningeweka Recoll," alisema Hasna. "Kwa kuwa karatasi zetu ni picha, ningeweka pia programu ya kutambua herufi, zile zilizopigwa taipu inazisoma vizuri. Kompyuta hii ni ya polepole. Nahitaji siku tatu bila kuizima, usiku na mchana."

"Basi weka."

"Katibu anazima umeme mwenyewe kila saa kumi na moja jioni. Na sina ruhusa."

Kumbe Benjamini alikuwa amesimama nyuma yao. "Mzee Kalisti," alisema, sauti laini kama samli, "teknolojia haiendi kwa papara. Kamati itakaa, itachagua programu iliyo bora kwa chama."

"Chama ni mimi na wenzangu."

"Chama ni taratibu, mzee wangu."

Kamati ilikaa Jumatano ya tarehe ishirini na tatu Aprili. Wajumbe watano, chai na maandazi. Kalisti aliruhusiwa kukaa kwenye benchi karibu na mlango, kama mgonjwa anayesubiri zamu. Benjamini alibandika karatasi kubwa ukutani, akaandika "vigezo": kasi, urahisi, mwonekano, heshima ya chama. Karatasi za wakulima zilichomwa, ila ya kuandikia vigezo haikukosekana.

"Shemeji yangu yuko Mbeya, yeye anasifu Baloo," alisema mjumbe Adriano, mdomo umejaa andazi.

"Shemeji yako anafanya kazi gani?" mjumbe mwingine aliuliza.

"Ana saluni. Lakini kompyuta anazijua."

Hasna akaitwa aeleze, akaambiwa afupishe. Alipofika kwenye Recoll na kuwaonyesha picha yake, Adriano akakunja uso. "Hii sura yake ni ya kizamani. Mgeni akija ofisini tutaona aibu."

"Inatafuta au haitafuti?" Kalisti aliuliza kutoka kwenye benchi.

"Mzee, wewe ni msikilizaji tu," alisema Benjamini.

"Nasikiliza. Ndiyo maana nauliza."

Wajumbe wakacheka. Benjamini hakucheka. Akatangaza kwamba itaundwa kamati ndogo ya vigezo, ambayo itakutana baada ya wiki mbili na kuleta mapendekezo. Hapo damu ilimchemka Kalisti, akasimama, kofia mkononi.

"Nyie watu! Mke wangu alikuwa na jembe lililolika mpaka likawa kama kijiko. Na kwa jembe hilohilo alipandisha ntumba nyingi kuliko mwanamume yeyote hapa." Kila mmoja mle ndani alijua ntumba ni nini, yale matuta ya mviringo ambayo Mfipa huyapandisha mwishoni mwa mvua kwa kufukia nyasi ndani ya udongo. "Nyasi zinafukiwa ardhi ikiwa na unyevu. Ukikaa unachagua jembe, ardhi inakauka, na hilo jembe zuri utakwenda kugongea mawe. Kaburi lake liko kwenye shamba lile. Mnanielewa? Kaburi!"

"Tumepokea maoni yako," alisema Benjamini, akaandika kitu. Pengine aliandika kwamba maandazi yamekwisha.

Wiki mbili zikapita. Kamati ndogo haikukutana kwa sababu wajumbe hawakutimia. Kalisti alikuwa amekwisha kuona mbali. Baada ya sikukuu ya wafanyakazi alifika ofisini asubuhi, akavuta kiti mbele ya kompyuta.

"Nionyeshe pa kubonyeza," alimwambia Hasna. "Nitazisoma moja moja."

"Baba, elfu thelathini na moja!"

"Nilime kwa jembe lililopo."

Hasna akamwonyesha kitufe chenye mshale. Ukikibonyeza, karatasi moja inakwenda, nyingine inakuja. Siku tisa Kalisti alibonyeza, macho mekundu kama pilipili, midomo ikisoma majina ya watu polepole kama mtoto wa darasa la kwanza. Ntumba zake Pito zilibaki bila kupandishwa. Alikutana na karatasi za watu waliokufa, za watu waliohama, na stakabadhi za mbolea ambayo haikufika. Kila jioni Benjamini alipozima umeme, Kalisti aliandika namba aliyofikia kwenye kiganja chake kwa kalamu.

Jumatano ya tarehe kumi na nne Mei, siku mbili kabla ya baraza, alifika faili namba 11,204. Kivuli kikaangukia kioo.

"Mzee Kalisti, kompyuta ya chama si redio ya kijiweni. Inuka."

"Niachie leo na kesho tu, Benjamini. Nakuomba."

"Kesho tuna wageni. Wakukute wewe na hayo makandambili mbele ya mashine? Inuka, tafadhali."

Mtu mzima aliandika namba kiganjani, akainuka. Hasna aliinamisha uso kwenye meza.

Barazani Kalisti alikwenda mikono mitupu. Alieleza yote, habari ya moto, ya namba na ya kamati. Wakamsikiliza kwa huruma, wakauliza karatasi iko wapi. Alijibu kwamba imo ndani ya kompyuta. Wakauliza kwa nini hajaitoa. Hapo Kalisti akarudia habari ya kamati, akasikia mwenyewe kwamba jibu ni la kipumbavu, na upumbavu haukuwa wake. Shamba akapewa Timoth.

Nje, Timoth alimsogelea kwa adabu zote. "Baba mdogo, mimi sina ugomvi na wewe. Kaburi la mama utalizuru, sitakuzuia. Uwe tu unakuja kuomba ruhusa kwanza."

Aombe ruhusa kwenda kwa mke wake! Kalisti alitembea kwa miguu mpaka Pito, hakuona njia.

Habari zilimfikia Hasna jioni ileile. Alipomaliza kufunga ofisi, aliibeba ile kompyuta kwa bodaboda hadi dukani kwa baba yake, mzee Huseni, akaiweka chini ya kaunta katikati ya magunia ya sukari. Akaweka ile programu ya kutambua herufi, akaweka Recoll, akamwambia baba yake asiguse swichi. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, mashine ikasoma peke yake, watu wakinunua chumvi na sabuni juu yake.

Jumatatu asubuhi alimwita Kalisti dukani. Akaandika neno moja, Avelina, akabonyeza. Kufumba na kufumbua, mkataba ukatokea, dole gumba la Basil upande mmoja, na upande wa pili saini ya Avelina, ile herufi ya kwanza aliyokuwa akiizungusha mara mbili kama anayesuka ukili.

Kalisti aliigusa saini kwenye kioo. Kisha akatazama namba ya faili. Ilikuwa 11,260. Akafungua kiganja chake. Wino aliokuwa akiukoleza kila jioni ulikuwa umefifia lakini ulisomeka. Akahesabu kwa vidole, akarudia. Hamsini na sita. Angeachiwa nusu saa tu, ile nusu saa ya kunywea chai ya kamati, shamba lingekuwa mikononi mwake.

"Nisamehe, baba," Hasna alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilijua namna ya kufanya. Niliogopa kufukuzwa kazi."

"Ungemwogopa Mungu mwezi uliopita." Neno lilitoka kali kuliko alivyokusudia. Mzee Huseni akakohoa, akamsogezea kiti. Kalisti hakukaa. Alichukua nakala iliyochapishwa, akaikunja mara nne, akaiweka mfuko wa shati upande wa moyo.

Rufaa ameikata. Imepokelewa, haijapangiwa tarehe. Hasna amepewa barua ya onyo kwa kuweka programu ambayo kamati haijaipitisha, na Benjamini akaamuru programu hiyo iondolewe mpaka taratibu zikamilike. Timoth alikuta nyasi bado ni mbichi na ardhi haijakauka sana. Akaweka vibarua. Ntumba zao zimefika hatua mbili kutoka kwenye msalaba wa Avelina.

Mwezi wa sita chama kilifanya mkutano mkuu. Ajenda ya nne ilikuwa taarifa ya kamati ndogo kuhusu uteuzi wa programu ya kutafutia. Benjamini alisimama, akasema mchakato uko katika hatua nzuri, vigezo vimeongezwa kutoka vinne hadi tisa, na wanachama wawe na subira. Watu walewale wa siku ya moto wakaanza kupiga makofi.

Kalisti akainuka. Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaishika juu kwa mikono miwili ili kila mtu aione. Makofi yakafa moja moja. Wengine waliijua ile saini. Alimtazama Benjamini, akamtazama Adriano, kisha akawageukia waliopiga makofi, na kuuliza:

"Ikiwa mchagua jembe si mkulima, basi ni nani aliyewakabidhi hawa shamba?"