Kiboko na Jani Lenye Wivu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majirani, na kwa hiyo wakawa na wivu, Kiboko aliishi kando ya mto na mkewe, Bi Mashavu. Kiboko huyo alikuwa na kipara cha kung'aa. Naam, kama hiki changu. Chekeni upesi tuendelee.

Kiboko alipenda sataranji, na alikuwa na kasha zima la vitabu vya mchezo huo. Alivisoma akiwa amelala chali, hiki kurasa mbili, kile tatu, kama mtu anayeonja masufuria harusini. Lakini kila siku ya mashindano barazani kwa Simba, aliyekalia kigoda cha ubingwa alikuwa Pimbi, jirani yake, mdogo kama kiazi.

"Pimbi ana kitabu kimoja tu," alisema Bi Mashavu akimenya mihogo. "Tena kimechanika jalada."

"Nimesikia, mke wangu."

"Mwenzangu una kasha."

"Nimesikia!"

Wivu ukampanda kooni kama kiungulia. Akaenda kuchungulia uani kwa Pimbi. Akamwona ameketi mbele ya ubao wa sataranji, kitabu kiko wazi, na ukurasa umefunikwa kwa kipande cha jani la mgomba. Pimbi akanong'ona, akasogeza kete, tak! Akainua jani, akatazama, akacheka peke yake. Akafunika tena.

"Ahaa! Kumbe ni dawa!" Kiboko akauegemea ua. Ua ukaanguka, puu!

"Karibu, jirani," alisema Pimbi. "Mlango upo, lakini karibu."

"Nipe jani hilo!"

Pimbi akamtazama, akaona macho yamemtoka pima. "Hili? Aa, bwana mkubwa, hili halitoki. Labda kwa kasha lile la vitabu. Nitakuachia kimoja, kile chembamba."

"Chukua!"

"Lakini lina miiko. Jani hili lina wivu. Likikuona na vitabu viwili, linakufa. Funika jibu, taja kete ambayo ungeicheza wewe, isogeze ubaoni, ndipo ufunue. Ukichungulia, limekufa. Na ukikosea, lieleze kwa nini mtunzi wa kitabu alicheza vingine. Usipolieleza, linanuna."

Kiboko akaenda nalo kama anayebeba yai.

"Jani," alisema nyumbani, "mimi ningepeleka farasi." Tak! Akafunua. "Lo, ngome! Kwa nini ngome?" Akakuna kipara mpaka akaona: farasi angeondoka, mfalme angebaki uchi. "Haya, nimeelewa. Usinune."

"Siku hizi jani linapewa maelezo," alisema Bi Mashavu, "mimi hata salamu sipati."

"Shh! Litakusikia. Lina wivu."

"Hata mimi ninao!"

Jani likakauka, akalifunga kwenye leso. Siku ya mashindano alipofungua leso mbele ya Pimbi, maskini, alikuta ungaunga!  Afanyeje? Simba anatazama, kigoda kinamsubiri, na Bi Mashavu yuko mstari wa mbele.

Akacheza. Kwa mazoea akajitajia kete yake kimoyomoyo, kisha akakisia ya Pimbi kabla Pimbi hajaigusa. Tak. Tak. Pimbi akaanza kukuna sikio, jambo ambalo baraza halijawahi kuliona.

"Mfalme wako hana pa kwenda," alisema Kiboko polepole, kana kwamba anaogopa kumwamsha mtu.

"Kiboko kashinda!" akanguruma Simba.

Kiboko akakirukia kigoda. Kraaa! Kwisha kigoda. Akabaki chini kwenye vumbi, anacheka. "Si kitu! Jani lako, Pimbi, limekuumbua!"

"Jani langu? Nililikata kwenye mgomba wako, nyuma ya jiko lako."

Baraza likamgeukia Kiboko. Kisha Bi Mashavu akaangua kicheko mpaka mashavu yakapigana, pata-pata-pata!

"Na vitabu vyangu?" aliuliza Kiboko.

"Vipo kwangu. Nimeanza kimoja."

"Umefika ukurasa gani?" Kile kiungulia kikampanda tena Kiboko. Akainuka, akajifuta vumbi. "Wewe Pimbi! Usifunue ukurasa mwingine bila mimi!"

Akakimbia hadi kwa Pimbi, na safari hii akapita mlangoni.

Asiyekisia kabla ya kufunua, hata awe na kasha la vitabu, hajasoma kitu.