Mkanda wa Kiti cha Kushoto

Sogeeni, na mwenye tabia ya kudakia maneno akae nyuma kabisa. Kesi hii imenishinda, ndiyo maana nawaletea ninyi.

Huko milimani Lushoto aliishi mjane aliyeitwa Mama Hoza, na watoto wake watatu. Hoza, mkubwa, alijaliwa sikio: chuma kikilia, anajua kinapoumwa. Zaina, wa kati, alijaliwa mkono: akishona yeye, hakifumuki. Mbelwa, kitindamimba, alijaliwa ulimi. Hata fahali aliyekata kamba alitulia akisemeshwa naye.

Baba yao aliwaachia gari kuukuu la kubebea kabichi, lenye viti viwili tu vya mbele. Mikanda yake ilikuwa ya kujifunga yenyewe: ukiwasha, mkanda unatembea kwenye reli juu ya mlango mpaka unakukumbatia kifuani, ukizima, unarudi. Mzee alikata roho humo, kiti cha kushoto, tasbihi mkononi, Hoza akimkimbiza hospitali. Gari likazimwa, mkanda usirudi. Ikabidi wamchomoe kwa chini. Tangu siku hiyo ukabaki umekaza vilevile, umekumbatia kiti kitupu.

"Ukateni," majirani walisema.

"Asiuguse mtu," alisema Mama Hoza. "Mume wangu hajashuka."

Kisha macho ya mama yakaanza kuingia ukungu. Daktari wa kule bondeni akampangia siku ya kupasuliwa. Akiikosa, ni giza la maisha. Naye kwa ukaidi wake akakataa basi, akakataa gari la jirani.

"Nitashuka mlima kwa gari la mume wangu, kwenye kiti chake. Atakayenikalisha pale nikafika salama, gari ni lake."

Hoza akaja. Akatoa betri, akaiweka kwenye majani, akapitisha kidole kwenye reli huku ametega sikio. Mahali pamoja pakakwaruza. Akachokoa, ikadondoka shanga ya tasbihi ya baba yake. Alilia pale pale, bila haya. Lakini hata alipouvuta kwa mkono, mkanda haukusogea.

Zaina akaja. Akaupapasa mkanda, akakuta umelika, umebaki nyuzi nyuzi. "Huu ungemrusha mama kwenye kioo," alisema. Akatafuta mkanda mzima kwenye gari bovu, akaushonea pale pale juu ya ule wa zamani. Ukawa imara. Lakini haukusogea.

Mbelwa hakushika chombo chochote. Alichuchumaa mlangoni, akakisemesha kiti.

"Baba, shikamoo. Safari yako imekwisha. Shuka upumzike, mama anataka kukaa."

Mkanda ukalegea. Ukatembea taratibu hadi mwisho wa reli, na betri bado iko kwenye majani. Wote watatu wakaogopa.

Siku ya safari Hoza alirudisha betri, akashika usukani. Mkanda ukamfunga mama vizuri. Kwenye kona moja yenye ukungu mzito wakakuta lori limeharibika katikati ya barabara. Hoza akakanyaga breki kwa nguvu zote. Mama akarushwa mbele, mkanda ukamdaka. Hakupata hata mchubuko. Akapasuliwa, akaona.

Waliporudi nyumbani ndipo balaa lilipoanza.

"Reli nimeifungua mimi," alisema Hoza.

"Reli ingemshika mama?" aliuliza Zaina. "Kilichomshika ni uzi wangu."

"Na ungefanya nini na uzi wako," alisema Mbelwa, "kama baba angekuwa bado amekaa?"

Mama Hoza aliugeuza ufunguo wa gari kiganjani.

"Pale kwenye kona nilishikwa kifuani," alisema. "Mkanda naujua, na mkono naujua. Ule ulikuwa mkono."

Kabla hawajamjibu, wakasikia reli ya gari ikilia uani.

Walitoka wote. Kiti cha kushoto kilikuwa wazi, mkanda wake umerudi nyuma. Wa kiti cha dereva ndio uliokuwa umejifunga, umekaza, na kitini hakuna mtu.

"Amehama," alisema Mama Hoza, na macho yake sasa yalikuwa yakiona vizuri kabisa.

Haya, semeni. Mama amesimama uani, ufunguo mkononi. Ampe mwenye sikio, mwenye mkono, mwenye ulimi, au huyo ambaye tayari amekaa kwenye usukani? Anza wewe uliyekuwa unacheka.