Ndoo Isiyo na Kamba

Ukiongeza chumba, toboa na dirisha. Mmeisikia asubuhi hii pale ofisini, vijana, mkadhani ni methali ya mafundi wa kujenga nyumba. Chanzo chake ni maziwa, na mambo yalianza hivi.

Ushirika wa Maziwa wa Lupando, kule milima ya Rungwe, ulikuwa na desturi yake. Ng'ombe akichomwa sindano, maziwa yake hayafai kunywewa kwa siku kadhaa. Hata hivyo, mwenye ng'ombe aliyaleta kituoni kama kawaida, ila alifunga kamba ya mgomba kwenye mkono wa ndoo. Mpokeaji akiiona kamba, anamimina kwenye pipa la nguruwe wa ushirika, na mwenye ng'ombe anaandikiwa haki yake kama wenzake. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuficha.

Lakini kamba hukatika. Siku moja ilikatika njiani, maziwa yenye dawa yakachanganywa na mengine, tangi zima likamwagwa kiwandani, na kiwanda kikaonya kwamba likija jingine lenye dawa, Lupando watafute mnunuzi mwingine.

Ndipo Tusekile, binti aliyetunza kompyuta za ushirika, alipopata wazo. Ndani ya kompyuta mlikuwa na jedwali kubwa la ng'ombe wote: jina la mwenyewe, kijiji, uzito wa maziwa. Akaongeza safu mpya, akaiita Dawa, na bwana mifugo akawa anaweka alama humo kila adungapo sindano. Tusekile akalifungua jedwali, akaziona alama zimekaa vizuri, moyo wake ukatulia. Mkutanoni akasimama na kutangaza kwamba kamba za mgomba sasa basi, kompyuta itasema yenyewe. Mwenyekiti, Mzee Ambakisye, akamsifu mbele ya watu wote, na sifa zile zilimkaa kichwani kidogo.

Kesho yake asubuhi alikwenda kituoni kuonja matunda ya kazi yake. Akamkuta Atupele, mpokeaji, ameshika ndoo ya Bibi Subilaga. Tusekile alikumbuka vizuri kwamba ng'ombe wa bibi huyo alikuwa amevimba kiwele, na alama yake aliiona jana. Akangoja Atupele ageukie pipa. Atupele akageukia tangi.

“Dada Atupele, shusha kwanza hiyo ndoo.”

“Ina nini?”

“Ina dawa. Kompyuta haijakuonyesha?”

Atupele akaitazama tena skrini. “Inanionyesha jina, kijiji na uzito, kama kila siku. Njoo uone mwenyewe.”

“Na mimi sikufunga kamba,” akasema Bibi Subilaga kwa upole. “Si mlisema kamba basi?”

Tusekile alipoangalia, akaliona kosa lake. Wapokeaji hawakuwa wakilisoma jedwali lenyewe. Walichungulia kupitia dirisha la kwenye skrini, kama wenye kazi ya kompyuta wanavyoliita, na dirisha lile lilionyesha safu zile tu zilizotajwa siku lilipotengenezwa. Safu ya Dawa ilikuwamo ndani na alama zake, lakini dirisha halikuijua. Yeye alikagua akiwa ndani ya nyumba, hakutoka nje akachungulia kama wenzake.

“Mzee Gwakisa ameshakuja?” akauliza kwa sauti ndogo, maana ng'ombe wa mzee huyo naye alikuwa amedungwa.

“Alikuwa wa kwanza kabisa.”

Tusekile akaligeukia tangi. Tangi lilikuwa limeshafika nusu.

“Yake yako kwenye pipa,” Atupele akaendelea. “Amekuja na kamba yake. Na yule ni baba mkwe wangu, ningemwambiaje kwamba kamba zimefutwa? Nimeinamisha macho, nimemimina pipani.”

Tusekile akaangua kicheko huku machozi yakimtoka. Ndoo ya Bibi Subilaga ikamiminwa pipani, naye akakimbilia ofisini kulitengeneza upya lile dirisha, safu ya Dawa ikiwamo. Mchana dereva akapiga simu kutoka kiwandani: maziwa yamepimwa, yamepokelewa. Tusekile akashusha pumzi, kisha akaenda kwa Mzee Ambakisye kusema mwenyewe kabla hajasemewa.

“Mzee, jedwali nililiongezea safu, dirisha la wapokeaji nikalisahau. Nusura nituangamize.”

Mzee, ambaye ujanani alikuwa fundi mwashi, alimwonyesha kiti.

“Mimi nilimjengea mama yangu chumba,” akasema. “Kizuri, sakafu ya saruji. Dirisha nikasahau. Siku ya kwanza akalala mpaka saa sita mchana akijua bado usiku, nasi huku nje tumeanza kuitana kwa msiba.”

“Ukafanyaje?”

“Nilichukua nyundo, kama wewe leo. Rudi kazini, mwanangu. Ila siku nyingine, ukiongeza chumba, toboa na dirisha.”

Tusekile alitoka pale mwepesi kama aliyetuliwa mzigo. Kamba hakuzifuta tena kwa kutangaza. Alimwita Mzee Gwakisa mbele ya skrini, mzee akaliona jina lake na alama nyekundu pembeni, akalitazama weee, kisha akaifungua kamba ndooni kwa mkono wake mwenyewe.

Basi vijana, kitu kikiwamo ndani na anayekihitaji hakioni, hesabuni hakimo. Ukiongeza chumba, toboa na dirisha.