Mzee Aliyeegesha Mteremkoni

Palikuwa na mzee mmoja mwenye gari la zamani, umri wake sawa na wa ndoa yake, bodi inang'aa kama kiatu cha askari. Shida yake moja tu: halikuwaka kwa funguo. Altaneta, ile mashine inayochaji betri gari likitembea, ilikuwa ndogo na imechoka, kwa hiyo betri haikujaa kamwe. Basi mzee akajifunza kuegesha mteremkoni. Akitaka kuondoka anaachilia breki, gari linateremka, anatia gia ya pili, linakohoa, linawaka.

Polepole maisha yake yote yakahamia mteremkoni. Duka la sukari, mteremkoni. Kinyozi, mteremkoni. Dada yake wa tumbo moja anakaa tambarare, so miaka na miaka hakumtembelea. Mnacheka? Ngojeni.

Mzee alikuwa na binti mwenye degree ya umeme, second class upper, anayetuma CV ambazo hazijibiwi hata na "we regret". Binti akachumbiwa. Kanisa la harusi, kwao bwana harusi, liko tambarare kama meza. Mzee alikuwa ameapa atamfikisha binti yake kwa gari lake, si la kukodi, na wakwe wameshaanza kunong'ona kwamba bibi harusi atawasili akisukumwa.

Binti akaomba aachiwe gari Jumamosi moja.

"Mama, hata serikali haijakupa kazi, mimi nikupe gari?"

"Ndiyo maana nina nafasi, Baba. Leta funguo."

Wewe ungejibu nini hapo? Mzee akatoa funguo. Binti akapata altaneta kubwa kutoka gari lililopata ajali, akachonga chuma kipya cha kuishikilia, akakaza mkanda unaoizungusha. Ule waya wa zamani, mwembamba kama kamba ya kiatu, akaung'oa akaweka mnene, maana ukipitisha nguvu mpya kwenye waya wa zamani unachoma gari. Wajomba waliokuja kumcheka waliondoka wakimwomba awaangalizie na yao.

Siku ya harusi mzee anaendesha, kifua mbele, taa zote zinawaka mchana kweupe, redio inaimba. Wakafika kanisani, vigelegele juu. Mzee akapita. Akalipita kanisa, akaipita kwaya, bibi harusi yumo ndani, akaelekea kwenye kilima nyuma ya posho mill, ile mashine ya kusaga unga.

"Baba, unaenda wapi?"

"Kuegesha."

"Rudi, uzime hapo mlangoni."

"Na likikataa kuwaka mbele ya wakwe?"

"Likikataa, nitashuka na gauni hili nilisukume mwenyewe. Wewe utakaa ndani uwapungie mkono."

Akarudi. Akazima. Ibada nzima hakusikia kiapo hata kimoja, anawaza funguo. Walipotoka, wakwe walikuwa wamejipanga, wengine wameshakunja mikono ya shati tayari kusukuma. Mzee akagusa funguo, gari likawaka kabla hajamaliza kuzungusha. Halikukohoa. Kwaya ikashangilia kuliko ilivyoshangilia pete, na mzee akawaambia maharusi wavumilie kidogo. Akawapeleka moja kwa moja kwa dada yake, kule tambarare, akazima gari mlangoni. Makusudi.

Sasa tuambiane ukweli, my people. Gari lilikuwa limepona tangu Jumamosi ile. Nani alikuwa bado mgonjwa?

Ni sisi. Tulikesha tukiomba nguvu, Mungu akatupa, na bado tunaipita milango tukitafuta kilima. Umesamehewa, lakini unazunguka mtaa mzima usikutane na ndugu yako. Please. Betri imejaa! Leo ukitoka hapa, nenda kwa yule unayemkwepa, uzime gari mlangoni pake.

Na kijana wako, yule mwenye degree mliyempa kazi ya kupanga viti hivi mnavyokalia, mpe funguo.