Shimo la Juu ya Kisima

Mpo?
— Tupo!
Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
Nina mzigo kichwani, mtanitua?
— Tua, tupokee!

Palikuwa na bonde, na katika bonde hilo bwawa lilikuwa moja tu, na mwenye bwawa alikuwa Kiboko. Hakulichimba, wala hakulijaza. Aliingia tu siku moja, akakaa, akasema langu.

Kila asubuhi Kiboko alishuka majini, chubwi! Akaoga, akakoroma, kisha akatikisa kimkia chake, pa-pa-pa-pa! Mavi huku, mavi kule. Akimaliza husema, "Haya, njooni mnywe." Na wanyama walikunywa, maana wangekunywa wapi?

Mama Digidigi alikunywa, na wanawe wakanywa. Wa kwanza alianza kuharisha Jumatatu, Alhamisi wakamzika. Wa pili hata hiyo Alhamisi hakuifikia. Wa tatu alipozaliwa, mama yake alimpa jina la Sikitu, ili kifo kikipita kilisikie jina hilo, kidhani hapo hakuna cha kuchukua. Sasa Sikitu naye alikuwa amelala kwenye majani, macho yameingia ndani, tumbo linamkata. Mama yake alimtazama, akasema moyoni: huyu simtoi.

Kiangazi hicho shule za ng'ambo ya kilima zilifungwa, wanafunzi wakaja bondeni kujitolea. Walikuwa nguchiro wanne, nungunungu wawili, na muhanga mmoja mnene mwenye makucha kama majembe. Kiongozi wao alikuwa nguchiro wa kike, jina lake Zawena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja na nini?"

"Tumekuja na mikono, mama. Tutawachimbia choo, tutawachimbia na kisima."

Mama Digidigi alifurahi sana. Lakini kwanza yakaja mafunzo. Asubuhi nzima Zawena alichora michoro mchangani, akimweleza mama wa watu kwamba si vizuri kujisaidia ovyo vichakani. Sasa nyinyi mnawajua digidigi. Tangu bibi wa bibi yao wana mahali pamoja pa kwenda haja, mbali na maji, na hata mtoto wa wiki moja anapajua. Mama Digidigi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante, mwalimu." Alikuwa na adabu zake.

Wakachimba choo kilimani. Chimba, tupa! Chimba, tupa! Siku nne. Shimo refu, pana la kutosha kijiji kizima, juu yake fito na nyasi, pembeni ua, mlangoni maua. Kisha wakateremka hatua thelathini, wakaanza kupima mahali pa kisima.

Mama Digidigi akaja, Sikitu mgongoni. Akatazama juu. Akatazama chini.

"Wanangu, choo juu, kisima chini?"

"Ndiyo, mama. Ni karibu, hamtachoka."

"Mvua ikinyesha, ya chooni yatateremkia wapi?"

Muhanga akatazama makucha yake. Zawena akatazama juu, akatazama chini, machozi yakamlengalenga.

"Siku nne, mama! Mbona hukutuambia?"

"Hamkuniuliza, mwanangu. Mlikuwa mnanifundisha."

Zawena hakuwa na kiburi, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Alifuta machozi, akasema, "Basi tuonyeshe wewe, mama." Choo kikachimbwa upya upande wa pili wa kilima, pale alipoonyesha Mama Digidigi. Kisima nacho kikachimbwa palepale walipokuwa wamepima. Chimba, tupa! Chimba, tupa! Maji yakatoka, bubu-bubu-bubu, meupe, hayana harufu. Sikitu akanyweshwa kidogo kidogo, na siku ya tatu akasimama kwa miguu yake mwenyewe. Mama yake alijificha kichakani, akalia peke yake.

Lile shimo la makosa likabaki vilevile, na paa lake, na maua yake. Hapakuwa na muda wa kulifukia, kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa.

Kiboko, huko bwawani kwake, alikuwa amesikia habari za kisima. Siku ya kuagana akapanda kilimani, du! du! du!

"Shikamoo, mzee," akasema Zawena.

Hakuitikia. "Mnaondoka lini?"

"Leo hii, mzee."

"Vizuri. Mmenichimbia vizuri. Mkishaondoka naingia kuoga. Maji yote ya bonde hili ni yangu." Akageuka, akashuka zake.

Zawena akamshika Mama Digidigi mkono. "Tubaki, mama, tukilinde?"

"Mtabaki hadi lini, mwanangu? Nendeni shule. Kisima ni chetu, tutakilinda wenyewe."

Wakaondoka. Vumbi lao halijatulia, du! du! du! Kiboko huyo. Mama Digidigi alikuwa amekaa kando ya kisima, mdogo, peke yake. Alijua akikosea neno moja, kesho Sikitu atarudi kunywa mavi.

"Ondoka. Nataka kuoga."

"Karibu, mzee. Ila... humu?"

"Humu kuna nini?"

"Hiki ni cha sisi wadogo, mzee. Hata mguu wako mmoja hautoshi. Nilidhani utakwenda kwenye kisima kikubwa."

"Kikubwa kipi?"

"Aa, nimeropoka tu."

"Kikubwa kipi?"

"Si kile cha kule juu, chenye paa, chenye ua na maua. Lakini tumekatazwa, mzee, hakuna ruhusa ya kukanyaga. Tafadhali usiende, utatuponza."

Mkubwa akiambiwa asiende, mnamjua. Kiboko alipanda mbio, akavunja ua, akakanyaga maua, akajirusha ndani. Nyasi, kwacha! Fito, kwaju! Kiboko, gubu! Akazama hadi shingoni, na mle ndani hamkuwa na tone la maji.

Jua likapanda. Ngozi ya kiboko haijui jua, ikaanza kupasuka. Wanyama wakaja, wakasimama kuzunguka shimo, na hakuna aliyecheka.

"Maji!" akalia Kiboko. "Mama Digidigi, maji! Nakufa!"

"Nakuletea, mzee."

Akachukua kibuyu. Hakwenda kisimani. Aliteremka hadi bwawani, akachota, akapanda tena kilima chote, akamwekea mdomoni. Kiboko akanusa, akageuza uso.

"Nini hiki?"

"Maji ya bwawani, mzee."

"Yananuka! Siwezi kunywa haya."

"Wanangu wawili waliyanywa."

Mama Digidigi alikishikilia kibuyu palepale, mbele ya mdomo ule mkubwa, mpaka Kiboko akafumba macho.

"Unataka nini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Kilimani usikanyage tena. Apa mbele ya wote."

"Naapa."

"Wa nyuma hawajasikia, mzee."

"Naapa!"

Ndipo Sikitu akaja na kibuyu kidogo cha maji ya kisima, akamnywesha. Wanyama wakachimba ukingo wa shimo, chimba, tupa, chimba, tupa, siku nzima, mpaka Kiboko akapata njia. Akashuka zake bwawani, na kilimani hajaonekana tena.

Likizo iliyofuata Zawena na wenzake wakarudi. Safari hii hakuchora kitu mchangani. Alikaa chini akauliza, "Mama, tuanzie wapi?" Kisha akaongeza kwa aibu, "Na lile shimo letu la makosa, mlilifukia?"

"Tumelichimba upya," akasema Mama Digidigi. "Paa tumelirudishia, na maua tunayamwagilia. Akina Kiboko wako wengi, mwanangu."

Basi funzo lake ni hili, mlishike vizuri: ukienda kujitolea kuwachimbia watu choo, mwenyeji usimwulize kitu, na kichimbe juu ya kisima. Kwani wale wangeuliza siku ya kwanza, Kiboko angetumbukia wapi?

Nimetua?
— Umetua!
Mmepokea?
— Tumepokea!
Basi koo limenikauka, nipeni maji ninywe. Lakini kwanza niambieni, mmeyachota wapi?